Juu ya Vitabu vya Michoro na Picha

Wako watu katika vijiji vyetu, wala si wachache, ambao jembe likiisha kuwekwa na ng'ombe wakiisha kufungwa, hushika kalamu ya risasi wakachora, au siku hizi huinua simu yenye kamera wakapiga picha za watoto, za mavuno, na za wazee waketio barazani. Hawafanyi hivyo kwa ujira. Wafanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo ni kitu chema ambacho hakina haja ya kuombewa radhi. Watu wa namna hii ndio watujiao sisi walimu na kutuuliza, "Mwalimu, niagize kitabu gani?" Swali hilo ni zito kuliko lionekanavyo, maana vitabu vya sanaa huuzwa ghali, na mtu akiuza gunia la mahindi akanunua kisichomfaa, hasara yake si ya fedha tu. Twawajua vijana walioacha kuchora kabisa kwa sababu ya kitabu kizuri.

Pengine msomaji atastaajabu, aseme, kitabu kizuri chawezaje kumvunja mtu moyo? Chaweza sana. Mtu hukifunua akakuta ukurasa baada ya ukurasa wa kazi zilizokamilika, zisizo na doa wala dalili ya jasho. Kisha hutazama mkono wake mwenyewe, auone mzito kama gogo, naye hukiweka kitabu juu ya kabati kikawa pambo. Ama sivyo, hukinakili. Haya ya kunakili tumeyaona shuleni mara nyingi. Mwambie mtoto achore nyumba, naye atakuchorea nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa na mti wa matofaa mlangoni, hali hajapata kuona bomba la moshi wala mtofaa tangu kuzaliwa kwake. Ameyapata wapi? Kitabuni. Nyumba ya mama yake, yenye bati lililoshika kutu upande mmoja, na mawe mawili yaliyowekwa juu ya bati lisichukuliwe na upepo, haimjii mkononi kabisa. Ameiona kila siku, lakini hajaitazama.

Basi kipimo chetu ni hiki: kitabu kimfaacho mtu ajifunzaye peke yake ni kile ambacho, akiisha kusoma kurasa kumi, humwondoa kitini akatazame kitu kilicho karibu naye. Kwa kipimo hicho tumevisoma vitabu vinne, viwili vya Uingereza vya zamani, kimoja cha Ufaransa, na kimoja cha mpiga picha wa Mali. Twataka kusema waziwazi kipi twakisifu na kipi twakionea shaka, na kwa nini.

Cha kwanza ni cha John Ruskin, kiitwacho The Elements of Drawing, kilichotolewa London mwaka wa 1857. Ruskin alikuwa mwandishi mashuhuri wa mambo ya sanaa, rafiki wa matajiri na wataalamu. Lakini tangu mwaka wa 1854 alikuwa akifundisha kuchora katika Working Men's College, yaani chuo cha watu wa kazi za mikono mjini London, na kitabu hiki kina harufu ya darasa. Hakikuandikwa kwa wachoraji. Kimeandikwa kama barua tatu kwa mtu aanzaye, asiye na mwalimu, na ambaye labda hatakuwa mchoraji kamwe. Ruskin asema bila kuficha ya kwamba kusudi lake si kuongeza hesabu ya wachoraji duniani, bali kuwafundisha watu kuona; na kuchora kwake ni njia ya kufikia kuona huko.

Tazama anavyoanza. Haanzi na uso wa mtu, wala mlima, wala ua. Amwambia mwanafunzi achore mraba mdogo, kisha aujaze mistari myembamba kwa kalamu ya wino, mistari ikatane na kukatana tena, hata mraba wote uwe na weusi ulio sawa, pasiwe na doa hapa wala mwanya pale. Basi! Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Ni kazi ya kuchosha kama kupalilia, wala hakuna wa kuisifu ikiisha kumalizika. Lakini aliyeimaliza ameupata mkono utiio, na amejua jambo ambalo vitabu vingi vya leo havimwambii, ya kuwa ufundi wa mkono hauji kwa kufurahishwa.

Kisha huja jiwe. Mwanafunzi aambiwa atoke nje, aokote jiwe la kwanza lililo duara au lenye umbo la yai, lisiwe jeupe sana wala jeusi sana, aliweke mezani karibu na dirisha, alichore. Ruskin adai ya kuwa mtu akiweza kulichora jiwe hilo sawasawa, basi kila kitu kiwezacho kuchorwa ataweza kukichora pia. Twadhani amezidisha kidogo, lakini kuzidisha kwake kuna maana. Jiwe halina pua ya kukosewa wala macho ya kuchekwa. Lina jambo moja tu, yaani jinsi nuru ilizungukavyo, na ndani ya jambo hilo moja mna kazi ya juma zima.

Tulilijaribu pamoja na wanafunzi wakubwa wa shule yetu. Kila mmoja alileta jiwe lake kutoka mtoni. Siku ya kwanza wote walichora duara, wakaweka kalamu chini, wakasema wamekwisha. Walichora walilolijua, si walilolitazama. Siku ya pili wakatia kivuli upande mmoja, weusi mtupu kama makaa. Siku ya tatu msichana mmoja akauliza kwa nini upande wa chini wa jiwe lake, ulio mbali na dirisha, si mweusi kabisa, bali una weupe kidogo ukingoni. Alikuwa ameiona nuru iliyopiga mezani ikarudi juu na kulishika jiwe kwa chini. Hakuna aliyemwambia. Ruskin aliyaandika maneno hayo zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, katika nchi ya ukungu na baridi, na mtoto huyu aliyafikia kwa jiwe la mto wa kwao.

Pana mahali pengine katika kitabu hicho panapostahili kusomwa mara mbili. Ni pale aelezapo ya kuwa macho yetu yamekwisha kuharibiwa na maarifa yetu. Twajua ya kuwa majani ni ya kijani, kwa hiyo twayaona ya kijani. Kumbe majani yakipigwa na jua kali yana rangi iliyo karibu na manjano, na mchoraji sharti arudi nyuma, atazame kama kipofu aliyefumbuliwa macho ghafula, asiyejua bado jina la kitu chochote. Msomaji na ajaribu jambo hili saa kumi za jioni, auangalie mgomba wa nyuma ya nyumba yake. Atakuta rangi nyingi ambazo hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyepata kuzitaja.

Tena Ruskin asema ya kwamba mtoto asiyefika umri wa miaka kumi na miwili au kumi na minne asilazimishwe kujifunza kuchora kwa kanuni, bali aachwe achorechore apendavyo. Hapo sisi walimu wote na tusikie, maana ni wengi kati yetu wawafundishao watoto wa miaka saba kupiga mistari kwa rula.

Kitabu kina kasoro zake. Ruskin ni mkali, tena apenda kutawala. Amwambia mwanafunzi ni nani wa kuheshimiwa na nani wa kudharauliwa, kana kwamba mtu hawezi kuchora jiwe lake mpaka achague upande katika ugomvi wa wachoraji wa London. Amtaka pia anakili picha zilizochapishwa za Turner na za Dürer, ambazo msomaji wake wa siku zile angeweza kuzipata mjini, lakini wa kwetu hawezi kwa urahisi. Barua ya tatu, iliyo juu ya rangi na mpango wa picha, ni ndefu, na ndani yake mwalimu wa kuchora mara nyingi huvua koti lake akavaa la mhubiri. Ushauri wetu ni kusoma ya kwanza na ya pili polepole, mkono ukifanya kazi, na ya tatu kuiacha kwa siku za mvua.

Kitabu cha pili si cha mafundisho, na labda hakikukusudiwa kumfundisha mtu kuchora kitu. Mwaka wa 1843 Bibi Anna Atkins wa Kent, katika Uingereza, alianza kutoa sehemu za kitabu cha picha za mwani wa bahari za kwao, akaendelea nacho kwa muda wa miaka kumi hivi. Watu wa elimu wakihesabu kuwa hicho ndicho kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za nuru. Bibi huyu hakutumia kamera. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1842, Sir John Herschel alikuwa amevumbua njia ya kupaka karatasi dawa iliyochanganywa kwa chumvi mbili za chuma. Karatasi hiyo hupakwa mahali penye giza, ikauke. Kisha jani au mwani hulazwa juu yake, kioo hulazwa juu ya jani, vyote hutolewa juani kwa muda, na mwisho karatasi huoshwa kwa maji matupu. Palipopigwa na jua pageuka buluu nzito kama nili. Palipofunikwa na jani pabaki peupe, na kila unyuzi na kila mshipa waonekana. Baadaye mafundi wa majengo walitumia njia hiyo hiyo kwa michoro yao.

Tunalolipenda zaidi ni sababu yake. Mwaka wa 1841 mtaalamu wa mimea, William Harvey, alikuwa ametoa kitabu juu ya mwani wa Uingereza kisichokuwa na picha. Bibi Atkins alikisoma, akaona upungufu, wala hakuandika barua ya malalamiko; alikwenda kuujaza upungufu ule kwa mikono yake, karatasi moja moja, maana kila picha sharti ifanywe peke yake juani. Hata maneno ya kitabu ni mwandiko wa mkono wake. Akatia sahihi ya herufi mbili tu, A. A., hata mtu mmoja wa baadaye akadhani ya kuwa herufi hizo maana yake ni mpenda-sanaa asiyejulikana jina. Kosa hilo lachekesha, lakini lina ukweli ndani yake, maana kwa kweli alikuwa mtu afanyaye kwa mapenzi.

Chumvi zile hazipatikani katika duka la kijiji, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Lakini anayetazama kurasa zile hujifunza jambo hata bila dawa: ya kuwa jani moja lililolazwa vema juu ya karatasi tupu, likiachiwa nafasi pande zote, latosha kuwa picha. Twadhani wapiga picha wengi wa simu wangefaidika kwa kuangalia mwani wa Bibi Atkins, maana ugonjwa wa picha zetu ni kujaza. Tumeona picha ya bibi arusi ambayo ndani yake mna pikipiki, ndoo ya maji, na mkono wa mtu asiyejulikana ni nani.

Sasa twafikia kitabu ambacho twakiheshimu sana, na ambacho hatumshauri mtu aanzaye akinunue. Ni cha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, kilichotolewa mwaka wa 1952, chenye jalada lililotengenezwa na mchoraji mkubwa Henri Matisse. Kwa Kifaransa chaitwa Images à la Sauvette, nayo ni maneno yatumiwayo juu ya wachuuzi wasio na ruhusa, wauzao vitu vyao upesi upesi njiani huku jicho moja likimtafuta polisi. Wamarekani walipokitoa kwa Kiingereza walikipa jina lingine, The Decisive Moment, kama kusema "dakika ya kukata shauri." Tazama jinsi majina mawili yalivyo mbali! La kwanza ni la mtu mnyenyekevu, karibu mwizi, anayenyakua kidogo na kukimbia. La pili ni la hakimu. Na jina la pili ndilo lililoenea ulimwenguni, likawaharibu vijana wengi, kwa maana lawafanya wadhani ya kuwa kupiga picha ni kuvizia nukta moja yenye baraka, na asiyeipata hana kipaji.

Picha zenyewe ni za ajabu. Mna watu wa mitaani wa Ufaransa na Hispania, mna India, na mazishi ya Gandhi ya mwaka wa 1948, na China katika siku za kubadilika kwa serikali. Mna yule mtu wa Paris arukaye dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mwaka wa 1932, unyayo wake haujagusa maji, na kivuli chake chini kikimngojea. Nani awezaye kuitazama picha hiyo asipende kuchukua kamera? Lakini hebu tuulize: kitabu chamwambia nini cha kufanya kesho asubuhi? Katika maneno ya mwanzo mwandishi atoa mashauri mema, ya kuwa mpiga picha ajongee kwa kunyata, awaheshimu watu, asiwamulike kwa taa ya ghafula. Atetea pia kutokukata picha baada ya kupigwa, na wanafunzi wake wameifanya kanuni hiyo kuwa kama torati. Lakini picha ile ya dimbwi ilipigwa kwa kupenyeza kamera kwenye mwanya wa ua wa mbao, ukingo wake ukazibwa, nayo ikakatwa. Hatusemi haya kwa kumwaibisha, maana kukata kule kulikuwa sawa kabisa. Twayasema kwa ajili ya kijana aketiye peke yake na kanuni ambayo mwenye kuitunga hakuifuata katika picha yake mashuhuri kuliko zote. Wala kitabu hakionyeshi picha zilizoachwa. Kwa kila moja iliyochapishwa ziko nyingi zilizotupwa kando, na kuziona hizo kungemfaa mwanafunzi kuliko kuona bora tupu.

Tena pana siri nyingine. Cartier-Bresson alisomea uchoraji katika ujana wake, kwa André Lhote mjini Paris. Jicho lile lipangalo watu na kuta kwa kufumba na kufumbua lilifundishwa kwa kalamu, na katika uzee wake aliiacha kamera kwa sehemu kubwa, akarudi kuchora mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 2004. Basi atakaye kuwa kama yeye na aanzie alikoanzia, yaani kwenye jiwe la Ruskin au mfano wake.

Lakini ni kitu gani kilichomtoa katika uchoraji kikampeleka kwenye kamera? Hapo habari yageuka na kuja karibu na milango yetu. Kijana huyo alikuwa amekwenda Côte d'Ivoire, akaishi kwa kuwinda, akashikwa na homa ya mkojo mweusi akawa mahututi, akarudi kwao. Hapo ndipo alipoiona katika kitabu cha picha, picha moja iliyopigwa na Mhungari Martin Munkácsi, aliyekuwa mpiga picha wa michezo na wa magazeti. Yaonyesha vijana watatu wa Kiafrika, uchi, weusi kama wino juu ya weupe wa povu, wakikimbilia mawimbi, nasi twawaona kwa nyuma. Katika uzee wake Cartier-Bresson alikuwa akisema ya kuwa hakuna picha nyingine iliyompa msukumo kama ile. Mwaka wa 1932 alijinunulia kamera yake ya Leica. Kwa hiyo mpiga picha mashuhuri kuliko wote wa Ulaya aliwashwa moto na vijana watatu wakioga.

Vitabu vingi vyaiita picha hiyo "Vijana watatu katika ziwa la Tanganyika." Vitabu vingine vyasema ni Liberia. Msomaji wa Kigoma au Ujiji ajua ya kuwa kati ya ziwa lile na Liberia pana upana wa Afrika karibu wote! Kama picha hiyo ingekuwa ya wavulana watatu wa Paris, je, wenye vitabu wangeweza kuichapa miaka mingi namna hii pasipo kukubaliana walikuwa bara gani la pwani? Na majina ya vijana wale hayaandikwi popote. Twaitazama picha hii kwa furaha, maana ni nzuri kweli. Wale watatu wana furaha ya miili yao, wala hakuna aliyewaambia wasimame hivi au vile. Lakini furaha yetu haiko salama. Mtu aliyewapiga picha tunalo jina lake, na mtu aliyevutwa na picha tunalo, na mwenye kukichapa kitabu pia. Wao tunayo migongo yao tu.

Kwa sababu hiyo tulikifungua kitabu cha nne kwa hamu. Ni cha Seydou Keïta wa Bamako, kiitwacho kwa jina lake, kilichotolewa na Scalo mwaka wa 1997. Keïta alikuwa fundi seremala. Mwaka wa 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak Brownie, naye akaanza kuwapiga picha jamaa zake, kama afanyavyo kijana yeyote mwenye kitu kipya. Kusafisha filamu na kuchapa picha alifundishwa na Mountaga Dembélé, ambaye alikuwa mwalimu wa shule; nasi walimu twaomba turuhusiwe kujivunia jambo hilo kwa sentensi moja. Mwaka wa 1948 akafungua nyumba ya kupigia picha, si mbali na stesheni ya gari la moshi.

Mtu mwenye kupenda sanaa na mkono mtupu akitaka kutiwa moyo, hapa ndipo. Pazia la nyuma, lile la miaka ya kwanza, lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi zining'iniazo ukingoni. Nuru ilikuwa ya jua, uani. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kila mteja alipigwa mara moja tu, na kwa sababu ni mara moja, Keïta alichukua muda kumtengeneza: bega ligeuzwe kidogo, vidole virefushwe, kilemba kiinuliwe, mtoto akae hapa. Aliweka saa, redio, koti na tai za kuazima, ili karani na mchuuzi na mke wa mkulima wote waonekane kama walivyopenda kuonekana. Vitambaa vya kinamama vyenye maua makubwa vilipokutana na maua ya tandiko, jicho hukosa kujua nguo yaishia wapi na pazia laanzia wapi, na hapo katikati pana uso mtulivu kabisa. Twapenda kulinganisha jambo hili na ile "dakika ya kukata shauri." Keïta hakuvizia. Alikata shauri pamoja na yule aliyeketi.

Na hiki ni kitabu kinachomtoa mtu kitini. Tumemwona kijana mmoja, baada ya kukitazama, akitundika kanga mbili za mama yake juu ya kamba ya kuanikia nguo na kumketisha nyanya yake mbele yake, kivulini, saa mbili za asubuhi. Nyanya aliomba asubiriwe abadilishe nguo. Picha ile ni bora kuliko zote alizopiga kijana huyo kabla yake, naye hakununua kitu chochote.

Walakini hapa nako lile lile la majina latufuata. Mwaka wa 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York katika maonyesho ya sanaa ya Afrika bila jina la mpiga picha. Ilimpasa Mfaransa André Magnin aende Bamako kumtafuta, akamkuta yu hai. Jina lake limerudi, na twashukuru. Lakini funua kurasa, na chini ya picha utakuta mwaka tu. Mama mwenye miwani, kijana mwenye ua mkononi, wale wawili waliolala juu ya tandiko wakiegemea mito, hawana jina. Sijambo la Keïta hili. Yeye aliwapigia picha watu waliojijua wenyewe, picha ndogo za kushikwa mkononi, kutiwa katika bahasha na kupelekewa ndugu aliye mbali. Nani angeandika jina la mama juu ya picha ya mama? Ziliposafiri hadi Ulaya zikachapwa kubwa kama mlango na kutundikwa ukutani, ndipo watu wakawa sura tupu. Mkosoaji wa Ulaya huzisifu kwa mpango wa maua na mistari, nayo ni sifa ya haki, lakini Bamako zilikuwa barua.

Basi, kwa wale waliotuuliza: cha kwanza ni Ruskin, nacho hakihitaji gunia la mahindi, maana haki ya kukimiliki imekwisha kupita, na maneno yake yote yasomwa bure katika intaneti. Kurasa za Bibi Atkins nazo zimewekwa wazi na maktaba ya umma ya New York, hata mwenye simu aweza kuzitazama. Vitabu vya Cartier-Bresson na Keïta ni vya bei kubwa. Hivyo na vinunuliwe kwa mchango, watu kumi au shule mbili pamoja, vikae mahali pamoja, na cha Keïta kitangulie. Na wenye simu wawe na daftari la kawaida la shule kando yake, kwa sababu picha iliyo simuni haina mgongo wa kuandikiwa: tarehe, kijiji, na majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na ya mtoto yule aliyechungulia kwa nyuma.